Nionyesheni Atakapolala

Mahali ninaposagia posho, nje kidogo ya mji wa Kitale, wateja huja na debe kichwani au gunia nyuma ya baiskeli. Yule mama alikuja na pikapu. Alikuwa amevaa gambuti zilizokaukiwa na matope, na alitaka unga mwingi wa bei ya chini wa kupikia mbwa ugali. Mwenzangu wa mashine alicheka mpaka akasahau kuongeza mahindi.

"Mama, hao mbwa wako wanakula kwa sahani?"

"Kwa sahani. Na wananawa kukushinda."

Tulipokuwa tukimpakilia alinieleza kwamba yeye na wenzake wanatunza mbwa na paka waliotupwa. Wanawatibu, wanawalisha, na mtu akimpenda mmoja anaweza kupewa. Jioni nilimsimulia dada yangu habari hiyo kama kichekesho cha siku, maana wakati huo nyumbani kwetu nilikuwa nikitafuta neno lolote la kusema. Dada aliacha kuchagua maharagwe.

"Wanawapea mtu yeyote?"

"Sijui."

"Na wale hawachukuliwi, wanaenda wapi?"

Tangu nilipomtoa kwa shangazi yetu, Malakisi, hakuwa ameniuliza swali hata moja.

Baba yetu alitangulia kufa, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili. Siku ya tatu baada ya kumzika mama tulinyolewa nywele kama ilivyo desturi yetu, na watu wa ukoo waliotoka upande wa Bungoma wakaketi uani kumaliza mambo ya marehemu. Siku hiyo kila jambo husemwa, lisije likabaki. Ng'ombe alipata mtu wa kumchunga. Baiskeli ya baba ikapata mwenyewe. Kisha wakatufikia sisi. Baba mdogo, ambaye ana kazi ya ofisi Bungoma mjini, alisema atamchukua ndugu yangu wa kiume kwa sababu kwake shule ni karibu. Shangazi wa Malakisi, ambaye hulima tumbaku, akasema msichana atamfaa, yeye hana binti. Mimi wakasema nimeshakuwa mtu wa kubaki na boma, ingawa kwa kile kichwa kilichonyolewa nilionekana mtoto kuliko wote.

Niliinuka nikasema nitaiezeka nyumba upya, na nikishaiezeka nitawarudisha wote wawili. Wazee waliitikia kwa vichwa, jinsi watu wanavyoitikia maneno ya mtoto ili wapate kuendelea.

Sikurudi shule. Nilipukuchia watu mahindi, nikachimba mitaro, mwishowe nikapata kazi ya kusaga. Mabati yalitimia mwaka wa nne, na wiki ileile niliyopigilia la mwisho nilikwenda Malakisi. Shangazi hakubishana nami.

"Mchukue tu," alisema. "Kazi anafanya, sikatai. Lakini haongei. Ni kama unaishi na mlango."

Dada alitoka na gunia la mbolea lililofungwa kamba, nguo zake zote zikiwa humo. Tulipofika nyumbani alitafuta msumari karibu na mlango, akalitundika. Nilimwonyesha sanduku la mama, nikamwambia aweke nguo zake humo. Alisema, "Sawa." Lakini kila asubuhi alilifungua gunia, akatoa nguo ya siku hiyo, akalifunga tena. Nguo ikifuliwa na kukauka ilirudi guniani. Alikwenda shule, alipika, alipalilia, na muda wote alikuwa na adabu kama mgeni. Adabu ile iliniumiza. Mtoto aliye kwao hununa, hujibu vibaya, hulamba sukari. Huyu aliomba ruhusa ya kunywa maji. Nilijua kwamba siku yoyote akiambiwa ondoka, angenyoosha tu mkono kwenye ule msumari.

Kwa hiyo alipouliza habari za mbwa, sikuliacha lile swali lipoe. Jumamosi tulikwenda.

Kwetu mbwa hachukuliwi bure. Usipoacha kitu, watu husema hatakaa. Nilibeba kuku wa kumwachia yule mama, naye alipomwona kwapani mwangu uso ulimbadilika.

"Hata kuku mmemchoka?"

"Hapana, mama. Huyu ni wa kushukuru. Mbwa hatolewi hivihivi."

"Sisi hatupokei kitu."

"Basi hatakaa."

Alinitazama, akamtazama kuku, akaona hatuondoki. "Haya, mweke kule kwa paka mzee. Hana meno."

Mbwa walikuja langoni kwa kelele, wakarukiana, wakatulamba vidole kupitia wavu. Mmoja hakuja. Alikuwa jike, rangi ya ukoko wa ugali, na shingoni alikuwa na alama ya mnyororo ambapo manyoya hayakuota tena. Alilala palepale alipokuwa, akatuangalia bila kuinua kichwa.

"Yule alifanya nini?" dada akauliza.

"Hakufanya kitu. Alichukuliwa na watu, wakahama, wakamrudisha. Akachukuliwa tena, akarudishwa tena. Siku hizi haji langoni."

"Basi huyo."

"Si umchague mwenye furaha?"

"Huyo."

Nilidhani tutamfunga kamba na kuondoka naye. Yule mama akasema hapana, lazima kwanza aje kuona kwetu.

Ugeni huo niliuandaa kama mtu anayengoja watu wa posa. Niliazima vitambaa vya viti, nikapaka udongo mpya ukutani, nikachinja kuku mwingine. Pikapu iliposimama uani, jirani yetu, mama mmoja ambaye hakuna gari linalopita asilitolee hesabu, alikuwa ameshafika kwenye ua.

"Nyinyi! Mnaposwa ama mnashtakiwa?"

"Amekuja kuona kama tunafaa kupewa mbwa," nikamjibu.

Alikaa chini kwenye nyasi kwa kicheko. "Woi! Ati mbwa anatafutiwa kwenye atakaa! Mimi niliolewa hapa bila mtu kuniangalizia hata jikoni!"

Mgeni wetu hakuvitazama vitambaa. "Chai nitakunywa baadaye," alisema. "Nionyesheni atakapolala."

"Nje," nikasema. "Si mbwa hulala nje?"

"Nje wapi? Mvua ikinyesha?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, karibu na gunia lake. Akasema, "Hatalala nje. Na hatalala kwa banda ya kukausha tumbaku."

"Hapa mna tumbaku?"

"Hapa hakuna. Lakini hatalala hapo. Mtu anawekwa hapo ndio moto usizime. Ile moshi inashika kichwa mpaka unatapika, na ukitapika unaambiwa ufagie."

Yule mama alinigeukia. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alivuta kiti, akaketi, akaendelea kumuuliza dada kwa sauti ileile ya kazi, na mpaka leo namshukuru kwa kutoibadilisha.

"Atakula saa ngapi?"

"Wakati sisi tunakula. Hatangoja mpaka wengine washibe ndio akwangue sufuria."

"Akivunja kitu?"

"Kimevunjika. Hatapigwa."

"Akiumwa?"

"Ataaminiwa." Alifikiri kidogo. "Hataambiwa anajifanya."

"Na mkisafiri?"

"Tutamwambia tunaenda wapi na tutarudi lini. Hata kama haelewi."

Jirani alikuwa ameacha kucheka. Alisimama nje ya dirisha, kanga mdomoni.

"Jambo la mwisho," mama wa gambuti alisema. "Mkishindwa naye, msimpe mtu mwingine. Mtamrudisha kwetu."

"Hata akiwa amezeeka?"

"Hata akiwa amezeeka. Ana mahali."

Kisha akanywa chai, akala kuku, akasifu mchuzi. Alipoondoka tuliosha vyombo pamoja. Dada ndiye aliyeanza kuongea.

"Kabla nipelekwe kwa anti, nani alienda kuangalia?"

"Hakuna."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Alimwaga majani ya chai kwenye migomba, akalisuuza birika, akalisuuza tena. "Wewe ulikuwa mdogo," akasema.

Malakisi nilikuwa nikienda kumwona kila nilipopata nafasi. Nilipeleka sukari na sabuni, nikaketi sebuleni mwa shangazi, na mbele ya shangazi nikamuuliza dada kama yuko sawa. Alisema yuko sawa. Nilirudi Kitale nimeridhika, nikapigilia bati jingine.

Mbwa alikuja wiki iliyofuata. Nilikuwa nimemjengea kibanda cha mabanzi chenye paa, lakini siku za kwanza hakukiingia. Alilala karibu na njia, uso kwenye barabara, na kila pikapu ilipopita alisimama. Dada alimpelekea chakula palepale akakaa naye.

"Anangoja gari," aliniambia. "Anajua watakuja kumchukua."

"Tufanye nini?"

"Hakuna. Usimvute. Akichoka kungoja atakuja."

Alichoka. Siku moja mvua kubwa ilimkuta njiani, akainuka, akakipita kile kibanda nilichokijenga kwa jasho, akaingia ndani ya nyumba na kulala sakafuni kando ya kitanda cha dada, akitetemeka. Dada alimtandikia sweta yake ya shule. Asubuhi alifungua gunia, akatoa nguo, akalifunga, akalirudisha msumarini. Mbwa alikuwa ameshakaa. Yeye alikuwa bado.

Nilikuwa na ahadi nyingine ambayo sikuwa nimeitimiza. Ndugu yetu wa Bungoma nilikuwa nimeshamfuata mara baada ya kumleta dada, naye alisema atakuja baada ya mitihani, kisha baada ya mitihani mingine. Safari hii nilimwambia dada ninakwenda kumwona, na kwamba nitarudi kesho yake kabla ya giza.

Ndugu yangu amekuwa mrefu kunishinda. Alinipokea sebuleni kwa baba mdogo kwa kicheko kilekile cha zamani. "Bro! Umezeeka, bana. Ni unga ama ni mvi?"

"Nionyeshe unapolala," nikamwambia.

"Ati nini?"

"Unapolala. Nataka kuona."

"Umekuwa chifu siku hizi?" Lakini alinipeleka. Kilikuwa chumba kidogo, safi. Kitanda kilikuwa na neti, vitabu vimepangwa dirishani, na foronya ilitariziwa maua kwa mkono. Niliketi kitandani nikabonyeza godoro.

"Unakula na nani?"

"Na wao. Kwani nile na nani?"

"Na ukiumwa?"

"Mama ananipeleka hospitali. Hata homa kidogo tu, huyo anaita bodaboda." Alimwita hivyo mke wa baba mdogo bila kushtuka. Niliyeshtuka ni mimi. Kwetu sote kulikuwa na mama mmoja, na nilikuwa nimeezeka nyumba yake. Nilitaka kumkumbusha. Nilitazama yale maua ya foronya, yametariziwa na mtu aliyekaa jioni nyingi akiyafanya, nikaondoa mkono wangu kwenye godoro.

"Sasa umeridhika?" akaniuliza, bado anacheka.

"Nimeridhika."

Alinisindikiza hadi stendi, akaninunulia njugu karanga. Hatukutaja habari ya kurudi, na nilijua sitaitaja tena.

Nilifika nyumbani kabla ya giza. Dada na mbwa walikuwa njiani, mbwa amelala miguuni pake. Alitazama nyuma yangu kuona kama nimekuja na mtu.

"Hakuja," nikasema.

"Umeona anapolala?"

"Nimeona. Ana kitanda, ana neti. Anakula nao mezani. Akiumwa anapelekwa hospitali."

"Uliona mwenyewe, ama uliambiwa?"

"Nilikalia kitanda."

Alipitisha mkono wake kwenye ile alama ya mnyororo ya mbwa.

"Basi mwache," akasema.

Tuliingia ndani. Nilikaa jikoni nikiwasha moto uliokataa kushika kwa sababu ya kuni mbichi, na kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona akilishusha gunia kutoka msumarini. Alizitoa nguo moja moja, akazikunja, akaziweka ndani ya sanduku la mama. Hazikulijaza hata nusu. Kisha akalikung'uta gunia tupu, akalikunja mara mbili na kulitandika kando ya kitanda, akaichukua sweta yake kutoka sakafuni kwenda kuifua. Mbwa alilinusa, akazunguka mara kadhaa, akalala juu yake. Nikaendelea kupuliza moto.