Hakutuachia Swali

Jirani yangu wa ofisi, yule mwandishi wa programu za kompyuta niliyewahi kuwasimulia vituko vyake hapa, hatunaye tena. Figo zilimshinda. Habari ilinikuta mtaani Birere, katikati ya kelele za pikipiki, nikasimama barabarani kama nimepigwa misumari hadi dereva mmoja akanifokea. Bado sijazoea ukimya wa upande wa pili wa ukuta.

Mimi kompyuta naijua kwa kuandikia safu hii tu, na ndiyo maana alinihitaji. Kila akimaliza sehemu ya programu alinigeuzia skrini. “Mama, soma apa. Ukikwama, kosa ni yangu.” Nami nikasoma kwa sauti: pima uzito wa mtoto, chagua dawa, gawa kwa siku. Nilipokwama alibadilisha jina la hatua hiyo, au aliukata mstari mrefu na kuacha nafasi nipate kupumua. Nilimtania kwamba ananitumikisha bila mshahara, akacheka na kunisogezea chai.

Ukaidi ule wa kutaka hata mimi nielewe ulikuwa na chanzo. Programu yenyewe ilikuwa ya zahanati moja ya upande wa Kanyaruchinya, ya kukokotoa vipimo vya dawa za watoto. Mwenzake wa zamani alijaza maelezo ya Kifaransa kando ya kila mstari, ya kusomwa na watu tu, si kompyuta. Baadaye hesabu ikabadilishwa, maelezo yakasahauliwa. Aliyefuata akayaamini, akairekebisha hesabu iliyokuwa sahihi ili ilingane nayo, na bahati nzuri muuguzi akashtuka kuona mtoto mchanga kaandikiwa dawa ya mtu mzima. Tangu hapo jirani yangu akawa anayafuta maelezo, akibakiza machache ya kueleza sababu. “Maelezo inazeeka, mama, na hakuna mutu anaitunza. Code, ile mistari yenyewe, iseme. Mwenye atakuja nyuma yangu, pengine hatanipata.”

Tulikuwa matangani muuguzi alipopiga simu: imefika dawa yenye nguvu maradufu, na watoto wanasubiri. Mwanamke aliyerithi kazi ya jirani yangu akafungua mashine palepale, kwenye kiti cha plastiki. Akasoma, akabadilisha mstari mmoja, akaujaribu, akamjibu muuguzi. Kisha akaangua kilio. Nikadhani amekosea.

“Hapana, mama. Nimetafuta ata swali moja ya kumuuliza marehemu. Sikupata.”

Wengi wetu tunafanya kazi ili tuhitajiwe. Yeye alijitahidi kila siku ili kazi yake isimhitaji. Watoto wale walipata dawa jioni ileile. Sisi tumebaki tunamhitaji kwa mengine yote.