Mwongo Hodari wa Kakuma

Nilikwenda Kakuma kwa sababu ya maneno mawili niliyoyaandika gazetini. Miezi michache nyuma, mwalimu mmoja mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, aitwaye Majok, alikuwa amenitumia hadithi zake za nchi ya kubuni, ambako mito hutembea na kila avukaye hudaiwa ndugu mmoja. Zilinishangaza. Nikamsifu katika safu yangu, nikaisimulia mito yake, nikamwita "mwongo hodari", nikajiona mchekeshaji. Kisha ikaja barua yake. Makala yangu ilikuwa imetiwa katika faili lake, kwenye ofisi inayoamua nani ahamishiwe ng'ambo, na ombi lake lilikuwa limesimamishwa. Mkewe, Achol, aliyefika kambini kabla yake na kuandikishwa peke yake, alikuwa amekubaliwa. Angeondoka Alhamisi.

Jumapili nilipanda basi Kitale, mtu wa shahada mbili na kitambi kimoja, kwenda kuyafuta maneno mawili.

Lodwar nilifika Jumatatu mchana, nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Daraja la mto Turkwel lilivuka mchanga mtupu, na wanawake walikuwa wamechimba mashimo humo wakiteka maji kwa kopo. Mwenye hoteli aliniletea samaki mkavu na ugali.

"Ejok," alinisalimu kwa Kiturkana. "Unaenda Kakuma?"

"Ndiyo mama, kumwona mkimbizi."

"Kila mtu anakuja kuona wakimbizi. Sisi pia tuko hapa, mzee. Tuangalie kidogo, hatulipishi."

Nilimwangalia. Alikuwa amekonda kuliko samaki wake. Nikala kwa aibu, lakini nikamaliza.

Jumanne asubuhi tuliondoka kwa msafara, gari la polisi mbele na jingine nyuma, kwa hofu ya majambazi. Niliandika daftarini kwamba mandhari yale yalikuwa ya kutisha na mazuri. Nilipomsomea Majok sentensi hiyo jioni, nje ya nyumba yake kambini, alitikisa kichwa. Alikuwa mrefu, amekaa juu ya debe la mafuta ya msaada, magoti karibu na masikio.

"Mturkana wa Lopur, hapo jirani, akiangalia huko," alisema, "anatafuta mbuzi yake itakula nini. Mimi nikiangalia, natafuta nani anakuja. Wewe peke yako unaona uzuri. Mungu akubariki."

Nilianza kuomba radhi. Alinikatiza, alitaka kwanza tuzungumze habari za vitabu, maana hakuwa na mtu wa kuzungumza naye hayo. Nikamuuliza kwa nini anaandika kwa Kiswahili, lugha aliyojifunzia kambini.

"Kiarabu ilitufukuza. Kiingereza ni ya fomu. Kidinka ni ya mama, siwezi kuchezea. Kiswahili haijanikosea." Akafikiri. "Bado."

"Na jasura? Hadithi zako zimejaa jasura."

"Jasura ni nini?"

"Safari ya hatari ambayo mtu anaiendea kwa hiari."

Alicheka hadi Achol akatoka nje kutazama. "Kwa hiari! Mtu gani huyo?"

Nikamuuliza kwa nini Mungu wa hadithi zake hasemi kitu, ilhali yeye mwenyewe huongoza sala kila Jumapili. Hapo hakucheka. Alisema walipovuka mto, risasi zikitoka ukingo wa nyuma na mamba wakiwa majini, alikuwa ameshika mkono wa mdogo wake. Upande wa pili alitoka peke yake. Alikuwa ameomba njia nzima.

"Naendelea kuomba. Lakini siwezi kuandika kwamba alijibu."

Ndipo nilipoelewa. Mto unaodai ndugu hakuubuni. Na ofisini, alipousimulia mto wa kweli, afisa alilitoa gazeti langu, akamwonyesha kwamba alikwisha kuutunga.

Jumatano asubuhi nilikuwa mbele ya afisa huyo, Mkenya mwenzangu, mpole, shati limepigwa pasi. Nilimweleza kwamba kutunga si kudanganya. Wanawake walio nje ya ofisi yake wanatunga shanga, na hakuna anayesema shanga si za kweli.

"Hata kesi za uongo hutungwa, Daktari," alinijibu.

Mimi si daktari, lakini sikumsahihisha. Nikaomba karatasi, nikaandika maelezo kurasa tatu: mto, risasi, mkono, kosa langu. Nilifuta, nikapanga upya, nikatafuta neno linalofaa. Aliyasoma yote bila haraka.

"Umeandika vizuri sana," alisema.

Nilishukuru. Naona haya kukiri kwamba nilifurahi.

"Hilo ndilo tatizo," akaendelea. "Yake pia yalikuwa mazuri. Watu waliotoka huko huwa wanakwama, wanarudiarudia, wanasahau. Nyinyi wawili hamkwami." Aliyatia maelezo yangu katika faili, juu ya gazeti. Ombi likabaki palepale.

Alhamisi tulikwenda uwanja wa ndege, ukanda wa changarawe na bendera ya kupimia upepo. Usiku, nilipokwisha kumweleza Majok maneno ya afisa, Achol alikuwa amekataa kuondoka, na Majok alikuwa amemwambia wawili wakikaa hakuna atakayemvuta mwenzake ng'ambo. Sasa Majok alimfungia kamba ya mfuko, akaifungua, akaifunga tena.

Kabla ya kupanda, Achol alinijia.

"Wewe ndiye uliandika?"

"Ndiyo, dada."

"Ukiandika tena juu yake, andika vibaya."

Ndege ilipopaa, vumbi lilitufunika sote. Majok alibaki ameinamisha kichwa muda mrefu baada ya vumbi kutua. Nilitaka kumshika mkono, nikakumbuka mkono aliouachia mtoni, nikaacha.

Ijumaa nilirudi Lodwar kwa msafara uleule, Jumamosi nikawa Kitale. Nilichojifunza hakifiki ukurasa: mtu wa mjini akimwita mwenzake mwongo kwa mapenzi, yeye huenda kulala, na mwenzake hubaki kuulizwa. Majok aliniandikia mara mbili baadaye, barua fupi, bila mito. Ombi lilikuwa bado. Alisema ameacha hadithi. Anafanya mazoezi ya kukwama.