Lebo Nilizozibandua

Mlionizoea kwa ubishi, leo mnivumilie, nina msiba. Mwanamke niliyemwonea wivu miaka minne amezikwa kwao Tezo Jumamosi, na hata mazishi yake nimeyaonea wivu. Watu walijaa mpaka barabarani, na kila aliyeshika kipaza sauti alilia kabla hajamaliza salamu. Nikawa najiuliza, mimi nikifa nani atakuja? Haya, nimeshasema, nichekeni.

Safu hii hainilishi. Kinachonilisha ni afisi ndogo ya visima mjini Kilifi, na huko ndiko tulikokuwa naye. Kila kisima kina ukurasa wake katika wiki yetu, yaani daftari la kompyuta ambalo kila mmoja afisini huliandika na kulisoma. Orodha ya kurasa hizo nilikuwa nayo mimi. Niliipanga kwa mkono, kijiji kwa kijiji, na aliyetaka kujua pampu ipi mbovu alikuja mezani kwangu, akaniamkia, akangoja. Kuhitajiwa kunanoga, msinidanganye. Kisha akaja yeye, mdogo kwangu sana, mpole, akiniita mjomba. Asubuhi moja akaandika makro, amri fupi tu inayowekwa ndani ya ukurasa, nayo ikakusanya yenyewe kila ukurasa wenye lebo ya pampu mbovu. Ukitaka za kijiji cha Sabaki peke yake, unachuja, zinabaki za Sabaki. Loo! Kazi yangu ya miaka yote, mistari mitatu. Wenzangu wakapiga makofi, na meza yangu ikapoa tangu siku hiyo.

"Mjomba, njoo nikuonyeshe, ni rahisi," aliniambia.

"Rahisi kwako," nikamjibu, nikaenda zangu kunywa chai.

Nikamsikia akiwaeleza wenzangu kwamba makro haioni ukurasa usio na lebo. Hilo nililishika vizuri. Nikaanza kuzibandua lebo katika kurasa nilizoandika mimi, moja leo, nyingine kesho, ili orodha yake ionekane ya ovyo na watu warudi kwangu. Jumatatu moja fundi akapangiwa safari kwa orodha ile, na Sabaki haikuwemo. Wiki mbili nzima akina mama wa huko walichota maji mtoni, kwenye mamba. Habari ilipotufikia, bosi alimfokea mbele yetu sote. Yule binti akanitazama kidogo, kisha akasema, "Ni makosa yangu, nitaangalia tena." Mimi nikainamia kompyuta yangu. Tena, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Baada ya mazishi bosi amenikabidhi kurasa zake nizitunze. Humo nikakuta maelezo ya namna ya kuandika makro, na juu yake kichwa: "Kwa mjomba, siku akitaka." Nikayafuata kwa taabu, nikaandika makro yangu ya kwanza maishani: nionyeshe kila ukurasa ambao yeye ndiye wa mwisho kuugusa. Nilitaka kujua kama alinizidi kwa wingi wa kazi. Zikatoka kurasa tele, na karibu zote ni zangu. Nikafungua ya Sabaki, nikaona nisichokijua miaka yote: daftari lile la kompyuta huweka kumbukumbu ya kila badiliko, jina na saa. Jina langu, lebo imeondolewa. Jina lake, lebo imerudishwa, saa moja baada ya kufokewa. Kurasa zote hivyo hivyo. Alijua, na kila asubuhi aliendelea kuniamkia shikamoo.

Wallahi, hata wema huo nauonea wivu, maana mimi nisingeuweza. Sisi tuliokaa kazini muda mrefu tunakumbatia tunachokijua kana kwamba tukikigawa tutabaki uchi. Ukimwonea mwenzako wivu, mwendee akufundishe angali hai, na kama umemkosea, mwombe radhi angali anakuitikia. Mimi nimechelewa yote mawili. Sabaki lilikuwa kosa langu. Nimeliandika hapa, na jana nimeliandika kule, chini ya ukurasa wenyewe, kwa jina langu na saa.