Chupa ya Gazi Niliyokataa Kufungua

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ghala ya chanjo ya Kasongo, nilipewa mkasi na utambi. Nilikuwa kijana aliyeishia darasa la sita, baba amekufa, na nilidhani frigo ni kitu cha mapadri na matajiri. Papa Amuri, chef wa mafundi wa frigo, mzee mfupi mwenye masizi hata ndani ya masikio, aliniambia nichuchumae mbele ya frigo moja nyeupe. Chini yake kulikuwa na taa ndogo inayowaka.

“Unaona huu moto? Njo unaleta baridi.”

Nikacheka. Akanipiga kofi dogo kisogoni, akasema nitacheka vizuri siku nitakapojua kukata utambi.

Hizo zilikuwa frigo za petroli, yaani mafuta ya taa, na ninyi vijana hamkuzikuta. Moto unachemsha dawa iliyofungwa ndani ya mabomba. Dawa inapanda, inapoa, inashuka, na katika kushuka inabeba joto la ndani ya frigo. Utambi ukikatwa upande, moto unatoa moshi, masizi yanaziba bomba, baridi inakwisha. Na baridi ikikwisha, chanjo inabaki maji tu. Unamdunga mtoto, analia, mama anarudi nyumbani ametulia, kumbe hujamlinda na kitu chochote.

Hospitalini kulikuwa pia na frigo za moteri, zilizotumia umeme wa grupe, yaani jenereta. Ndani yake ilizunguka gazi tuliyoiita douze, kumi na mbili. Haina harufu, haina rangi. Moteri ikiharibika, Papa Amuri alikata bomba kwa koleo, tukasikia pssss, gazi ikaondoka. “Iende kwao,” alisema. Nami niliiachilia hivyohivyo miaka mingi. Ndivyo tulivyofundishwa, na siombi radhi kwa mtu. Waliotengeneza hiyo gazi walijua kusoma kuliko mimi.

Kisha nikapelekwa Kabambare, na vita ikanikuta huko. Sitaieleza yote. Tulikimbilia porini na mke wangu na binti yetu wa kwanza, Furaha. Risasi ilipita kwenye paja langu, ndiyo sababu natembea hivi. Furaha hakuguswa na risasi. Alikufa kwa surua, chini ya turubai, kwa sababu katika territoire nzima, yaani wilaya yetu, hapakuwa na frigo hata moja inayofanya kazi. Wapiganaji walikuwa wamezibeba. Moja niliikuta baadaye katika kijiji fulani, imelazwa chali, inafugiwa kuku. Tangu hapo mtu asiniambie frigo ni chuma tu.

Amani ya nusu iliporudi, tuliitwa Kasongo kwa mafunzo. Formateur, mwalimu wetu, alitoka Kinshasa, kijana msafi, mwenye kalamu za rangi. Alichora dunia ubaoni, akaizungushia mstari. Akasema huko juu sana kuna tabaka la hewa linaloitwa ozoni, nalo linachuja jua kama mama anavyochekecha unga: mwanga unapita, ule mwali mbaya unaochoma ngozi na kuharibu macho unabaki. Na ile douze yetu, tukiiachilia, inapanda polepole hadi huko na kulitafuna mpaka linatoboka.

Papa Amuri, amezeeka sasa, akainua mkono. “Hii tundu iko juu ya Kasongo?”

“Papa, hewa haina mpaka. Unaachilia hapa, inaharibu kule.”

“Basi iko sawa na waaskari.”

Tulicheka mpaka formateur mwenyewe akakaa chini. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikifikiri. Mtu wa mbali kabisa, asiyenijua, anaweza kuugua macho kwa sababu ya koleo langu. Na mimi ndiye niliyelia kwa sababu ya watu wa mbali waliotuletea vita bila kutujua. Nikaona hapana. Kwangu itaishia hapo.

Walinipa pompa ndogo ya kuvuta gazi na chupa ya chuma ya kuitunzia, fupi, yenye mfuniko wa kukaza. Nilizunguka kwa moto, yaani pikipiki, maana barabara zetu gari linazikimbia, Kabambare, Lusangi, hadi Salamabila, kila penye frigo ya zamani. Nilivuta douze yote, nikaijaza chupani. Walisema gari litatumwa kuichukua, ipelekwe mahali wanapojua kuiharibu bila madhara. Bado nalisubiri.

Katika mafunzo yale yale tulipewa frigo mpya za jua. Plake nne za kunasa jua juu ya paa, waya mmoja unashuka, basi. Haina petroli, haina utambi, haina hata batri. Kutwa nzima jua linagandisha maji yaliyofungwa ndani ya kuta za frigo, na usiku barafu hiyo inalinda chanjo hadi asubuhi. Gazi yake ni nyingine, haigusi ozoni. Nilipoipandisha ya kwanza juu ya kituo cha afya cha Kabambare, mama Zaina, muuguzi titulaire, yaani mkubwa wa kituo, aliweka kiganja ndani akakiacha humo.

“Fundi, jua hili hili linalotuunguza shambani?”

“Hilo hilo, mama.”

“Basi leo limepata kazi.”

Na lilifanya kazi. Kila siku ya kilo, wamama walipoleta watoto kupimwa uzito na kuchanjwa, chanjo ilikuwa pale, baridi, tayari. Nilipanda juu kufuta vumbi kwenye plake kwa kitambaa chenye maji. Hiyo ndiyo miaka yangu mizuri, na naitaja kwa sababu kuna mtu aliyeivunja, naye ana jina.

Anaitwa Assumani Kibwe. Alikuwa gestionnaire wa zone ya afya, mshika vifaa na mafuta ya pikipiki, mtu mnene wa sauti tamu. Wakati fulani watu wenye silaha walisogea karibu, na Kibwe akasema plake zishushwe, zifichwe nyumbani kwake mpaka hali itulie. Hapo alikuwa na haki. Nilizishusha mwenyewe, nikazifunga kwa blanketi. Tukakimbia. Tuliporudi, paa la kituo likabaki tupu.

“Usalama bado haujakuwa mzuri, Fundi,” aliniambia.

Lakini plake zilikuwa juani zote nne, juu ya nganda yake, baa aliyoifungua karibu na soko kwa ajili ya wafanyabiashara wa dhahabu wanaopita toka Salamabila. Kila mtu aliziona. Docta, mkubwa wa zone, alipita chini yake akienda kanisani, akatazama viatu vyake. Nina haki ya kuandika hivyo kwa sababu nilikuwa nyuma yake.

Kituo kikarudi nyuma. Chanjo ikaletwa toka Kasongo kwa moto, ndani ya sanduku la barafu, na mvua ikinyesha moto inalala njiani. Mara nyingi sanduku lilifika na maji ya uvuguvugu. Mama Zaina aliyamwaga yote na kuwarudisha wamama. Surua ikapita Lusangi. Waliozikwa sitawataja, wazazi wao wapo, nao wanamjua Kibwe.

Siku moja akaniita ngandani. Alikuwa amenunua friza kubwa ya zamani, mtumba, akaifunga kwenye plake zetu kwa batri na mashine ya kubadili umeme. Inanguruma, lakini bia moto. Niliinama nikapaka povu la sabuni kwenye mabomba; yakatoa mapovu kama chura. Ilikuwa friza ya douze, na douze ilikuwa imevuja. Gazi hiyo haiuzwi tena popote. Kibwe alijua iliyobaki katika territoire nzima iko wapi.

“Leta ile chupa yako, Fundi. Unatia gazi hapa, mimi ninarudisha plake mbili ku kituo ya santé. Frigo itatembea kidogo-kidogo.”

“Frigo haitembei kidogo-kidogo. Na hii friza inavuja. Nikitia gazi leo, kabla ya mavuno itakuwa imeisha yote, iko juu.”

“Juu wapi?”

“Ku ozoni.”

Akacheka, akawageukia wanywaji. “Mnamusikia? Yeye iko chef wa mbingu sasa.” Kisha akaniegemea. “Hewa iko ya Mungu, haina mwenyewe. Jua iko ya Mungu, haina mwenyewe. Unalilia nini?”

Nawaambia ukweli, maneno yale yalinigusa. Si kwa uzuri wake. Niliwaza plake mbili ni bora kuliko kukosa zote. Niliwaza Furaha. Ni nani huko juu atakayejua kwamba chupa moja ya Kabambare imefunguliwa? Nilikwenda kwa mama Zaina, nikamweleza yote, nikamwambia labda nikubali.

Alikuwa anaosha mizani ya watoto, ile ya kuning'iniza yenye uso kama saa na kaptula ya turubai. Hakuacha kuosha.

“Plake ni zako, Fundi?”

“Hapana, za kituo.”

“Za Kibwe?”

“Hapana.”

“Na gazi?”

“Si ya mtu.”

“Basi unanunua mali yetu kwa kitu kisicho chako. Biashara gani hiyo?” Akakamua kaptula. “Siku ya kilo ni kesho. Uje na funguo zako za nati.”

Nilifikiri tutaonana kituoni. Asubuhi nikawakuta wamama barabarani, watoto migongoni, mama Zaina mbele na mizani begani na sanduku la chanjo mkononi. Wakaingia ngandani wote. Wa kanisa, wa msikiti, wote. Mama Zaina akapanda juu ya kiti, akafunga mizani kwenye boriti juu ya meza ya wanywaji, akaita wa kwanza.

Kibwe akatoka chumba cha nyuma, bado anafunga shati. “Mama Zaina! Hii iko nganda, haiko hospitali.”

“Kwenye plake iko, frigo iko. Kwenye frigo iko, chanjo iko. Kwenye chanjo iko, kilo iko. Sisi tunafuata tu, papa. Kuleni, kunyweni, hatuwasumbui.”

Mtoto wa kwanza akatiwa kwenye kaptula, akaanza kulia huku miguu inaning'inia juu ya chupa za bia. Mnywaji mmoja akavuta glasi yake. “Mama, mtoto wako atakojoa ku bia yangu.”

“Acha akojoe,” akasema mamake. “Vyote viko moto sawasawa.”

Hata wanywaji walicheka, na Kibwe alipoona wanacheka nao, nadhani hapo alijua ameshindwa. Alitazama wamama waliojaa hadi mlangoni, wengine wamekaa juu ya friza yake. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wanangoja zamu, wanaongea habari za mihogo. Mimi nikaegemeza ngazi nje, nikapanda.

“Fundi, shuka,” akasema Kibwe toka chini ya ngazi.

“Nitashuka na plake.”

“Unajua nani anaandika jina lako ku orodha ya mshahara?”

“Wewe.”

Nikaanza kufungua nati. Paja liliuma kama siku ile ya porini, sitadanganya. Lakini nati zilikuwa zilezile nilizozikaza mimi mwenyewe juu ya kituo, na ziliujua ufunguo wangu. Wamama walizipokea plake moja moja, wakazibeba kichwani hadi kituoni, na kabla ya jioni frigo ilikuwa inagandisha.

Mshahara wangu ulikatika. Docta aliniita ofisini.

“Fundi, umechoka. Pumzika.”

“Sijachoka, Docta.”

“Nimesema umechoka.”

Hiyo ndiyo retraite yangu, kustaafu kwangu. Hakuna hotuba, hakuna saa ya ukutani. Nalima muhogo, na natengeneza redio za watu. Kibwe hakuadhibiwa, alipandishwa cheo, akahamia Kasongo. Juzi nilimwona huko kwenye sherehe ya mazingira, amevaa fulana nyeupe yenye picha ya dunia, anawaeleza wanafunzi juu ya ozoni, kipaza sauti mkononi. Anaieleza vizuri, kuliko mimi. Nilisimama nyuma mpaka akaniona. Sikumfanyia zaidi ya hilo. Ninamfanyia hili la leo, kuliandika jina lake.

Vijana mnaofunga plake siku hizi mnaniuliza kwa nini bado ninalala juu ya chupa ile, na gari halitakuja. Mmoja alisema nifungue tu, usiku, nani atajua. Nilimjibu kama nilivyopaswa kumjibu Kibwe: hewa isiyo na mwenyewe ina mimi.

Kwa hiyo kila siku ya kilo, watoto wakiisha kuondoka, naibeba chupa katika gunia hadi kituoni. Gazi inayovuja haionekani wala hainuki. Utaijua kwa uzito tu. Mama Zaina, amestaafu naye lakini bado anakuja kusaidia, ananifungulia kaptula ya turubai, naiweka humo. Chuma kinaning'inia pale walipokuwa wakilia watoto. Juu yetu plake ziko kazini. Watoto wanapaswa kuongeza kilo. Chupa inapaswa kubaki palepale.

Mshale unatetemeka kidogo, halafu unatulia.

“Iko vilevile?” ananiuliza.

“Vilevile, mama.”

Nairudisha kwenye gunia, narudi nayo nyumbani.