"Gari Hili Linakula Kuliko Watoto Wangu"

Wapika chai wa Manundu, mjini Korogwe, hawajawasha moto, lakini Kanchan Lalji yuko tayari chini ya gari. Inayoonekana ni miguu yake tu, imevaa makubazi, na pindo la sari lililofungwa juu lisiguse oili. Mkono mmoja unatoka uvunguni na kumwomba mwandishi spana.

"Hiyo ndogo," anasema. "Hapana, ndogo zaidi."

Anapotoka, anajifuta mikono, anajaza maji kwenye rejeta, kisha anazungusha hendeli kwa nguvu zake zote. Injini inakohoa, inazima, inakohoa tena, halafu inanguruma mpaka mbwa wa jirani anakimbia. Kanchan hatabasamu. Anasikiliza kwanza.

"Leo limeamka salama. Panda, ukae juu ya robota la nguo. Kiti hakuna."

Gari lenyewe ni la watu wawili, la mbio, lililotengenezwa Uingereza kwa ajili ya vijana wanaoshindana kwenye lami. Liko chini sana. Kuku akinyoosha shingo anachungulia ndani. Kanchan, mjane wa miaka thelathini na minne, analitumia kila siku kupeleka nguo anazoshona: Jumatatu na Alhamisi Handeni, siku nyingine Magoma na kwenye makambi ya mkonge. Kiti cha abiria alikwishaking'oa ili apate nafasi ya mzigo. Turubai la juu lilipochanika alishona jingine mwenyewe, kwa cherehani ileile inayoshona kaptula za shule.

Hakulitaka gari hili. Marehemu mumewe, Lalji, alilinunua mwaka 1952 kwa mhandisi mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Alikuja nalo nyumbani akipiga honi tangu stesheni.

"Hakuniuliza," anasema Kanchan. "Nilikaa siku nyingi bila kumsemesha. Nilidhani nina muda wa kutosha wa kununa."

Hakuwa nao. Homa ilimchukua Lalji kabla mwaka haujaisha. Duka lake likafungwa. Kanchan akabaki na watoto wawili, Manjula na mdogo wake Kishor, na cherehani moja, na gari ambalo hakuna aliyelitaka. Wazungu walitaka jipya, na wafanyabiashara walitaka lori.

Korogwe kila baraza lina fundi cherehani. Kazi ilikuwa Handeni, alikozaliwa na anakoweza kuzungumza Kizigua na wateja wake. Lakini basi likienda Handeni hulala huko, na hapo ndipo palipokuwa na taabu.

Shemeji yake, Jivan, mwenye duka Tanga, alisema wazi kwamba mjane wa ukoo wao hawezi kulala ugenini akatangatanga na nguo. Akifanya hivyo, watoto watakwenda kulelewa Tanga.

"Basi nikaliangalia lile gari," anasema Kanchan. "Nikaliambia, wewe utanirudisha nyumbani kila jioni."

Aliyemfundisha kuendesha ni Mzee Hiza, Mshambaa mwenye gereji ya mabati karibu na soko. Walifanyia mazoezi uwanja wa mpira, na watu wakaja kutazama kama kuna mechi.

"Walicheka," anakumbuka Mzee Hiza. "Aliligonga goli. Akashuka, akalisimamisha goli, akapanda tena. Nikajua huyu hatarudi nyuma."

Kuendesha kulikuwa rahisi. Kulilisha ndiyo kazi. Katika kila shilingi mbili anazopata, moja inaliwa na gari. Tairi hazimalizi masika mbili. Spea hutoka Ulaya kwa meli, na wakati mwingine huja isiyo yake. Springi za mbele zilipovunjika, Mzee Hiza alikata za lori kuukuu akazichonga zikaingia.

"Gari hili linakula kuliko watoto wangu," Kanchan anasema. "Watoto nikiwaambia subirini, wanasubiri."

Masika ya mwaka jana gari nusura limpokonye kila kitu. Alikuwa akirudi kutoka Handeni. Alipopita Sindeni, jiwe lililofichwa na maji lilitoboa tangi la oili chini ya injini. Hakujua mapema. Alipoona moshi, injini ilikuwa imeshika, haizunguki tena. Barabara nayo ilikuwa imefungwa na tope, hakuna gari linalopita. Mama mmoja wa kijijini hapo akamkaribisha kwake mpaka asubuhi.

Siku hiyohiyo Jivan alikuwa amefika Korogwe kuwatazama watoto.

Kesho yake lori la mahindi lilimleta Kanchan, gari likivutwa nyuma kwa kamba. Alimkuta Jivan barazani, sanduku la watoto limeshafungwa. Manjula amevaa viatu vya safari na analia bila sauti.

"Treni ya Tanga inapita mchana," Jivan alisema. "Nilikuonya."

"Jivanbhai, gari ndilo limekufa. Mimi sijafa."

"Umelala wapi?"

"Kwa mama mwenye watoto kama mimi. Nenda kamwulize. Nitakupeleka mwenyewe."

"Utanipeleka kwa gari gani? Kwa hili?" Jivan aliligusa gurudumu kwa kiatu.

Kanchan aliingia kati ya shemeji yake na sanduku, akapiga magoti, akafungua kamba. Nguo za watoto akazirudisha ndani, moja moja, na Jivan akatazama mpaka akachoka kutazama. Mwishowe alisema atampa muda mpaka Diwali, sikukuu yao ya taa. Akikosa kurudi nyumbani hata jioni moja kabla ya hapo, atawachukua watoto na hapatakuwa na maneno.

Kuifumua injini na kuifunga upya kulitaka shilingi mia tatu na arobaini. Kanchan aliuza bangili za dhahabu za harusi yake, zote isipokuwa moja. Mzee Hiza alifanya kazi majuma matatu, na chini ya tangi akafunga bamba la chuma alilolikata kwenye pipa. Wakati huo Kanchan alipeleka nguo za Magoma kwa miguu na kwa malori ya mkonge, akirudi kila jioni, nyayo zimechubuka.

"Nilimwambia aliuze hata kwa bei ya chuma chakavu," anasema Mzee Hiza. "Akaniuliza, 'Mzee, hiyo bei ya chuma itanirudisha kutoka Handeni?' Nikashika spana."

Kutoka siku ile mpaka Diwali hakukosa jioni hata moja. Jivan alikuja na peremende za watoto. Alilizunguka gari, akainama kutazama bamba la pipa, akauliza lilitoka wapi. Alipoondoka, Kanchan alimpeleka stesheni, Jivan ameketi juu ya robota, kofia ameishika kwa mikono miwili. Habari za watoto kwenda Tanga hakuzitaja. Hajazitaja tena hadi leo.

Mwandishi naye anafika Handeni mgongo ukiuma. Anayengoja barazani ni Amne, mwanamke wa Kizigua anayeuza nguo za Kanchan tangu mwanzo na ambaye sasa amejifunza kushona. Wawili hawa wamekubaliana kukodi chumba kimoja hapa. Cherehani ya pili imeshanunuliwa, iko Manundu ndani ya gunia.

"Amne akishona huku nami kule, nitakuja mara moja tu kwa juma," anasema Kanchan. "Gari litakula kidogo, na Manjula ataendelea na shule."

"Lakini cherehani ije kwa basi, Mama Manjula," Amne anamwambia. "Ukiipakia humo itafika skrubu tupu."

Kanchan anashusha robota la mwisho, anaegemea boneti lenye moto.

"Nitaileta mwenyewe," anasema. "Alhamisi."