Risasi ya Mfuko wa Kulia

Kidole gumba cha mkubwa wangu wa kazi kilijua kusoma risasi. Alikuwa na mkoba wa ngozi wenye mifuko miwili. Mfuko wa kulia ulibeba risasi ngumu, zilizofunikwa shaba mpaka nchani. Wa kushoto zile za ncha laini, ambazo zikiingia mwilini hutanuka na kuchana kila kitu. Alitumbukiza mkono macho yakiwa porini, akapapasa ncha, akatoa aliyoitaka. Sikuwahi kumwona akikosea.

Mimi nilikuwa askari mpya wa wanyamapori, mzaliwa wa Ziba, mtoto wa wafugaji, nimetoka mafunzoni na sifa za shabaha na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Yeye alikuwa Mwislamu wa Gongoni, mtu wa Tabora mjini hasa, aliyewinda tangu kabla ya Uhuru. Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu, kwa hiyo nilipelekwa kwake ili mimi nipige na yeye aelekeze. Kuelekezwa sikukupenda hata kidogo.

Mambo ya risasi niliyajua, au nilidhani hivyo. Mnyama mkubwa akiwa karibu, hatua hamsini mpaka mia, unampa risasi ngumu, nzito. Inavunja mfupa wa bega na kupita. Akiwa mbali, ile nzito huanza kushuka njiani na unaweza kuambulia kupiga udongo. Hapo unachukua ncha laini, ambayo ni nyepesi kidogo, inafika ikiwa bado juu, na ikifika inamaliza kazi papo hapo. Mwalimu wetu alitukaririsha hayo mpaka tukayaota.

Miaka ile watu walikuwa wakihamia vijiji vya Ujamaa, na kimoja kilianzishwa kando ya njia ya zamani ya misafara, magharibi ya Tabora. Nusu ya wakazi walikuwa Waislamu kutoka pembezoni mwa mji. Nusu walikuwa wafugaji kutoka upande wa kwetu Igunga. Walilima shamba moja lakini walipika kwenye mafiga mbalimbali, na kila upande uliuangalia mwingine kwa pembe ya jicho. Mwenyekiti wa kijiji akaomba kibali cha pofu mmoja, mnyama mwenye mwili wa fahali wa kulimia, ili siku ya kuanza kujenga shule watu wote wale chungu kimoja.

“Wakila pamoja, shule itasimama,” alituambia. “Wakishindwa, nitakuwa na vijiji viwili.”

Tuliondoka asubuhi, sisi wawili na mchinjaji wa kijiji, mzee mmoja mwenye mguu mfupi tangu utotoni, kisu kiunoni. Tulimwacha mchinjaji nyuma vichakani, tukanyemelea wawili, tukamkuta pofu dume kwenye uwazi wa mbuga, hatua zaidi ya mia mbili. Mkubwa wangu akaninong'oneza, “Tusogee kwanza.” Nilijifanya sikusikia. Nilichomoa mwenyewe risasi kwenye mfuko wa kushoto, nikalenga, nikapiga. Pofu akaenda chini kama gunia. Moyoni nilijipigia makofi.

Mchinjaji alikazana kuchechemea kuvuka mbuga ile yote. Alipofika alimgusa mnyama jichoni kwa kidole. Jicho halikutikisika. Akakirudisha kisu alani.

“Kibudu,” akasema.

Nilipandwa na hasira. “Amekufa kwa risasi moja, babu! Mnataka nini tena?” Kwetu, mnyama aliyekufa kwa risasi ni kitoweo. Sikuwa nimejali kwamba kwa wenzetu, mnyama aliyepigwa na mtu asiye Mwislamu lazima akutwe na kisu akiwa hai, la sivyo hawamgusi.

Siku hiyo upande wetu ulikula nyama, na upande wa pili ukala ugali kwa mlenda, kisha wote wakarudi kufyatua matofali kimyakimya. Nilingoja kutukanwa, lakini hakuna aliyeninyooshea kidole. Waislamu walimgeukia mkubwa wangu na kumtania. “Mzee wa Gongoni, siku hizi unakula vibudu?” Yeye alicheka nao. Nilidhani ni utani wa watu wanaofahamiana tu.

Miezi mitatu baadaye, kuta za shule zilipofika kwenye madirisha, mwenyekiti akapata kibali kingine. Porini, pofu walipoonekana, mkubwa wangu aliuweka mkoba mbele yangu.

“Chagua.”

“Nipige kutoka umbali gani, mzee?”

Alimwelekeza mchinjaji kwa kidevu. “Pima kwa miguu yake.”

Basi nikajua: mchinjaji lazima amfikie mnyama akiwa bado hai. Tulitambaa kifudifudi, siafu wakiniingia mpaka kwenye mkanda wa suruali, mchinjaji nyuma yangu akihema, mpaka zikabaki hatua kama sitini. Nikachukua risasi ya mfuko wa kulia. Nililenga juu ya bega, nikavunja mfupa. Pofu akaanguka, ubavu ukipanda na kushuka, na yule mzee mwenye mguu mfupi akanipita mbio. Nilisikia Bismillahi, kisha nikaiona damu. Nikakaa chini nikimshukuru Mungu kwa sauti.

Kijiji kizima kilikula chungu kimoja. Mimi na mkubwa wangu tuliketi sinia moja na mchinjaji, ambaye alinisogezea ini na kusema, “Leo umepiga vizuri kwa sababu mzee wako amekuacha uchague. Mara ile alitwambia ni yeye aliyekupa risasi ya ncha laini, akakuhimiza upige kutoka kule mbali. Tumemcheka miezi mitatu!”

Tonge lilinibaki mkononi. Nilimtazama mkubwa wangu, Mwislamu toka kuzaliwa, aliyekubali kuitwa mla vibudu na watu wa dini yake.

“Kwa nini, mzee?” nilimnong'oneza.

“Mimi wamenizoea, wakinicheka yanaisha. Wewe wangekuchukia, watu wa kwenu wangekutetea, na pasingekuwa na shule. Kula, nyama inapoa.”

Sikula. Nilisimama katikati ya watu, nikasema risasi ile ilikuwa yangu, nilijichagulia mwenyewe, na mzee huyu alinikataza. Kisha mchinjaji akaangua kicheko, na pande zote mbili zikanicheka kwa pamoja, mpaka waliokuwa wakipakua wakaweka miko chini.

Nilipoketi, ini lilikuwa bado mbele yangu. Nililisogeza upande wa mkubwa wangu, nikamwambia asante, na yeye akalila lote.