Maziwa ya Siku ya Funga

Nakumbuka tulipokuwa wadogo mtaani Malindi, mjini, asubuhi haikuanzishwa na jogoo bali na madebe ya maziwa yakigongana kwenye baiskeli. Wafugaji walitoka mashamba ya Mwera, Fuoni, Kianga na Bububu, madebe yamezibwa kwa majani ya mgomba ili maziwa yasirukeruke njiani. Wakipiga kengele vichochoroni, kina mama wa ghorofani waliteremsha vikapu kwa kamba, birika ndani. Sisi tuliokuwa tukienda chuoni kusoma Kurani tuligombania malai, yale mafuta ya maziwa yaliyoganda juu ya sufuria. Vijana wa leo ukiwatajia malai hudhani ni jina la mtu.

Wetu alikuwa Mzee Haji wa Mwera. Bibi alinunua kwake tangu mama hajaolewa. Tulimjua mkewe, Bi Mize, na ng'ombe wake tuliwajua kwa majina. Shani akizaa, tuliletewa dang'a, maziwa mazito ya mwanzo. Na kila Jumatatu na Alhamisi Mzee Haji alifunga sunna, kwa hivyo Bibi alimpa tende akafuturu nazo kwake.

Kisha ikaja siasa. Watu wakagawana kwa vyama, mjini huku na shamba kule: maduka, misikiti, hata mazishi. Sijui nani alianza kusema kwamba maziwa ya shamba yanatiwa kitu. Niliuliza, "Nani kafa kwa kuyanywa?" Mama akaniziba mdomo kwa kiganja. "We mtoto, maswali mengine hayaulizwi!"

Hofu ile ilikuwa ngeni kwangu, kwa sababu waliokuwa nayo ni wakubwa. Walifunga madirisha mchana. Walinyamaza mtu akipita. Na kengele zikapungua. Mfugaji wa Kianga aliacha kuja. Wa Fuoni tukasikia kauza ng'ombe wake kwa wachinjaji. Kila mmoja akitoweka, wakubwa walinong'ona, "Unaona? Kakimbia." Hakuna aliyesema kwamba alitoweka kwa sababu sisi tumeacha kununua.

Mzee Haji aliendelea kuja, na Bibi aliendelea kununua, maana mdogo wangu alikuwa mchanga na maziwa ya mama hayakumtosha. Mpaka Alhamisi moja. Bi Zuhura, jirani yetu wa juu, aliteremsha kikapu kama kawaida, lakini ndani mlikuwa na kikombe cha kahawa, kitupu.

"Onja mwanzo, Haji!"

Mzee Haji akacheka. "Bi Zuhura, leo umenifanya mpishi?"

"Onja tukuone."

"Leo Alhamisi. N'nafunga."

"Ahaa! Jamani, sikieni! Kaambiwa aonje, kafunga!"

Madirisha yakafunguka, vicheko vikamwagika kutoka juu. Mtaa mzima ulikuwa ukijua funga zake, lakini asubuhi ile funga ikawa ushahidi. Mzee Haji akamgeukia Bibi, aliyesimama mlangoni na birika.

"Na wewe, Bi Salma, wataka nifungue?"

Bibi alimtazama mdogo wangu begani kwa mama.

"Ndugu yangu Haji, funga ya sunna si dhambi kuivunja. Onja kidogo tu, roho zetu zitulie."

Mzee Haji akajaza kikombe, akasema bismillahi, akanywa chote. Akajaza na birika letu. "Haya," alisema. "Na kesho atakuonjeeni nani?" Akapanda baiskeli.

Bibi aliyachemsha maziwa yale, lakini hakuna aliyeyagusa. Tulikaa tukingoja habari kama Mzee Haji kafika Mwera mzima. Mdogo wangu alilia mpaka sauti ikamkauka. Habari ikaja baada ya alasiri: mzima, yuko kwenye majani ya ng'ombe. Maziwa yalikuwa yameshakatika. Bibi akayamwaga uani, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mzee Haji hakurudi tena. Kabla ya masika kwisha, Shani naye akauzwa, na kichochoro chetu kikawa hakina muuza maziwa.

Siku hizi tunakunywa maziwa ya unga ya ng'ambo, kopo lina picha ya ng'ombe mnene asiyejua kupe. Mdogo wangu, sasa kijana wa suruali pana, huniambia, "Mlikuwa washamba nyinyi." Huenda. Yeye hukoroga vijiko vyake na kunywa bila wasiwasi, wala hajui nani alikamua. Sisi tulimjua aliyekamua, tukamjua mkewe na ng'ombe wake, na bado tukamwogopa.